Lithiamu, Epilim, Tegretol au olanzapini? Kulinganisha madhara ya dawa za bipola kwa mtoto na kwa mtu mzima

Mdogo wangu ana bipola, ugonjwa wa kupanda kupita kiasi (mania) na kushuka kwenye huzuni nzito (sonona), na alipata nafuu nzuri kwa olanzapini. Usingizi ulirudi, maneno yakapungua, na ile tabia ya kukopa kwa kila aliyemfahamu ikakoma. Lakini katika miezi 5 akaongezeka kilo 14. Hakumwambia mtu. Akaanza kuficha kidonge chini ya ulimi na kwenda kukitema chooni, na mwezi wa saba tukamrudisha wodini. Nyumbani tukasema ni mkaidi. Kumbe siku zote za kliniki hakuna aliyemuuliza kama suruali zake bado zinamtosha, na sisi ndugu zake tulioishi naye hatukuuliza pia.

Wengi wetu tukifika mbele ya daktari huuliza dawa ipi ni nzuri. Nimejifunza kuuliza vingine: mwili huu, wenye umri huu na maisha haya, unaweza kuishi na madhara yapi? Dawa ambayo baba wa miaka 50 anaimeza bila shida inaweza kuwa kosa kubwa kwa binti wa miaka 15, na kinyume chake.

Ninaandika kama ndugu wa mgonjwa, kwa ajili ya wagonjwa na wazazi walio katikati ya uamuzi huu. Yatumieni haya kumwuliza daktari maswali. Msianzishe dawa wala kuiacha kwa sababu ya makala.

Vigezo nilivyotumia

Wahudumu wa afya hutenganisha maudhi madogo madogo na madhara. Maudhi ni kama mdomo kukauka, kusinzia mchana au mikono kutetemeka kidogo. Madhara ni yale yanayogusa figo, ini, ngozi, damu au mimba. Kitabibu mgawanyo huo ni sahihi. Ila niliyoyaona nyumbani na kwenye mabenchi ya kliniki ni kwamba watu huacha dawa kwa sababu ya maudhi kuliko kwa sababu ya madhara, kwa hiyo nimeyapima yote mawili.

Kila dawa nimeiuliza mambo matano: maudhi yake ya kila siku, hatari yake kubwa na dalili ya kwanza ya kuitambua, inadai nini kwako, yaani vipimo na nidhamu, mtoto anaipokea vipi tofauti na mtu mzima, na inamfaa nani. Mimba na mgongano na dawa nyingine nimeyaleta pale yanapobadilisha uamuzi.

Kuhusu watoto, jueni hili mapema. Nchini Marekani, mamlaka ya dawa (FDA) imeruhusu lithiamu kwa bipola kuanzia miaka 7. Risperidoni, aripiprazoli na kwetiapini kuanzia miaka 10. Na olanzapini kuanzia miaka 13. Valproeti (Epilim), kabamazepini (Tegretol) na lamotrijini hazina kibali hicho kwa bipola ya watoto, ingawa watoto wengi wenye kifafa huzitumia. Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kumwandikia mwanao mojawapo ya hizo. Mwombe akueleze sababu hiyo.

Lithiamu

Ni kongwe kuliko zote hapa. Daktari John Cade wa Australia alitangaza matokeo yake mwaka 1949, na hadi leo ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi wa kuwazuia wagonjwa wa bipola wasijiue. Kwa hiyo haifai kuikataa kwa haraka kwa sababu ya orodha ndefu iliyoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi.

Maudhi ya kila siku: kiu isiyokwisha, kwenda haja ndogo mara kwa mara, mikono kutetemeka wakati wa kushika kikombe, ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu wiki za mwanzo, na uzito kuongezeka kwa kiasi. Wengine hupata chunusi, na mwenye ugonjwa wa ngozi uitwao soriasi huweza kuona umezidi.

Hatari yenyewe: dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana mno. Kiwango kinacholengwa kwenye damu kwa kawaida ni 0.6 hadi 0.8 millimoli kwa lita, na hupandishwa hadi karibu 1.0 wakati mgonjwa amepandwa na mania. Kikivuka 1.5 sumu huanza, na kwa wazee inaweza kuanza chini ya hapo. Dalili zake ni mtetemeko mkubwa kuliko ule wa kawaida, kutapika, kuharisha, kuyumba kama mlevi, ulimi kuwa mzito na kuchanganyikiwa. Hapo mgonjwa haongezewi kidonge kingine. Anakimbizwa hospitali, saa yoyote ile.

Kinachopandisha kiwango ni mambo ya kawaida kabisa ya maisha yetu: jasho jingi la kiangazi cha Pwani, kuharisha siku mbili, kupunguza chumvi ghafla kwa sababu jirani kasema inaleta presha. Kisha kuna diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa hukupa bila hata kukuuliza unatumia nini kingine. Mtu wa lithiamu akiumwa mgongo au jino ameze parasetamoli. Baadhi ya dawa za presha nazo hupandisha lithiamu, zikiwemo enalaprili, losatani na zile za kukojoza kama haidroklorothiazidi. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, maana saa 13 bila maji kwenye joto si jambo dogo kwa figo zenye lithiamu. Wapo wanaopangiwa dozi ya usiku na kufunga wakiwa wanapimwa, na wapo wanaokatazwa.

Inadai nini: damu, na damu tena. Hupimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo siku ya kipimo usimeze kidonge cha asubuhi kabla ya kutolewa damu. Kipimo cha kwanza ni siku 5 hadi 7 baada ya kuanza au kubadilisha dozi, kisha karibu kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza. Figo, tezi ya thairoidi na kalisi huangaliwa kila miezi 6, kwa sababu dawa hii ikitumika kwa miaka inaweza kulegeza tezi, hasa kwa wanawake, na kudhoofisha figo za baadhi ya watu. Msimamo wangu ni huu: kama hospitali yako haina kipimo cha kiwango cha lithiamu, wala haina pa kupeleka sampuli, dawa hii isianzishwe hapo.

Kwa mtoto: figo za mtoto huitoa lithiamu upesi kuliko za mtu mzima, kwa hiyo mzazi asijikadirie nusu ya dozi ya mkubwa. Kinachomtesa mtoto zaidi ni kukojoa kitandani na chunusi. Fikirieni mtoto wa bweni, darasa la 6, anayeamka godoro limelowa wenzake wakimtazama. Kwa daktari hilo ni udhi dogo. Kwa mtoto ndiyo dunia nzima. Mwandikieni mwalimu barua: mtoto aruhusiwe kwenda chooni wakati wa kipindi na awe na chupa ya maji mezani. Akiugua kuhara au malaria ya kutapika, mzazi apigiwe simu siku hiyo hiyo.

Inamfaa nani: mwenye mania halisi inayojirudia, mwenye historia ya kutaka kujiua, anayeweza kufika maabara na aliye na mtu wa kumkumbusha. Haimfai mwenye figo mbovu. Katika mimba huongeza kidogo uwezekano wa kasoro ya moyo wa mtoto, hasa miezi 3 ya mwanzo, lakini hatari hiyo ni ndogo mbali sana na ya dawa inayofuata.

Valproeti (wengi wanaijua kama Epilim)

Maudhi ya kila siku: uzito, kutetemeka, tumbo kusokota, na nywele kukatika, ambazo mara nyingi huota tena.

Hatari yenyewe: ini na kongosho. Macho ya manjano, uchovu mkubwa wa ghafla, maumivu makali ya tumbo pamoja na kutapika ni safari ya hospitali. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zinaweza kupungua, nayo dalili yake ni michubuko isiyo na sababu. Inadai kipimo cha ini na cha damu kamili kabla ya kuanza, kisha mara kwa mara katika miezi 6 ya mwanzo. Upande wa vipimo ni nyepesi kuliko lithiamu, na hilo ni muhimu kwa anayeishi mbali na mji.

Kwa mtoto: ini la mtoto wa chini ya miaka 2 ndilo lililo hatarini zaidi. Kwa wakubwa kidogo ini si tatizo la mara kwa mara, ila kwa wasichana dawa hii inaweza kuvuruga hedhi na kuleta uvimbe mdogo mdogo kwenye ovari.

Hapa nakaa kidogo. Kati ya watoto 10 waliokuwa tumboni mama akitumia valproeti, karibu mmoja huzaliwa na kasoro ya mwili, kama uti wa mgongo ulio wazi au mdomo sungura. Watatu hadi wanne kati ya 10 huchelewa kukua kiakili: kuongea, kujifunza, kukumbuka. Madhara ya uti wa mgongo hutokea wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe. Uingereza, tangu Januari 2024, hakuna mgonjwa mpya wa chini ya miaka 55, awe mwanamke au mwanaume, anayeanzishiwa mpaka mabingwa wawili wakubaliane kwamba hakuna njia nyingine au kwamba hatari za uzazi hazimhusu. Huku kwetu bado nakutana na wasichana wa sekondari walioandikiwa bila kuambiwa neno hata moja kuhusu mimba, kwa sababu mbele ya mzazi jambo hilo linaonekana aibu. Aibu hiyo tuivunje sisi wazazi. Na aliye nayo tayari asiiache ghafla usiku huu; amuone daktari wiki hii, atumie njia madhubuti ya uzazi wa mpango, ahamishwe taratibu.

Inamfaa nani: mwanaume mtu mzima na mwanamke aliyepita umri wa kuzaa, hasa kama mania imechanganyika na hasira na sonona kwa pamoja. Mwanaume anayepanga kupata mtoto naye aulize, maana Ulaya sasa wanashauri tahadhari kwa wababa pia.

Kabamazepini (Tegretol)

Ipo karibu kila hospitali ya wilaya kwa sababu ya kifafa, na ni rahisi kwa mfuko. Maudhi yake ni kizunguzungu, usingizi, kuona viwili viwili na kichefuchefu, na mengi hupungua baada ya wiki chache. Hatari ni vipele vikali vya ngozi wiki za mwanzo (baadhi ya wenye asili ya Asia ya Kusini Mashariki wana urithi unaoongeza hatari hiyo), chembechembe nyeupe za damu kushuka, na chumvi ya damu kupungua, hasa kwa wazee, ambao huanza kuchanganyikiwa na watu wakadhani ni uzee. Homa na koo kuuma bila sababu, au kidonda mdomoni, ni dalili ya kwenda kupima damu.

Shida yake kubwa Afrika Mashariki ni kwamba inaamsha ini kuvunja dawa nyingine. Vidonge vya majira na vijiti vya uzazi wa mpango hupoteza nguvu. Dolutegraviri, iliyomo kwenye ARV wanazotumia wengi, hushuka, na daktari hulazimika kuitoa mara mbili kwa siku. Dawa mseto ya malaria ya atemetha na lumefantrini nayo hushuka, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza dozi na malaria ikabaki. Kila unapougua, sema: natumia Tegretol.

Mtoto huivumilia kwa namna inayofanana na mtu mzima, lakini ushahidi wake kwa bipola ya watoto ni mwembamba. Inamfaa zaidi mtu mzima asiye na dawa nyingine za kudumu, aliyeshindwa na lithiamu au asiye na kipimo chake.

Lamotrijini

Hii ndiyo yenye maudhi machache kuliko zote: hainenepeshi, haileti usingizi mzito, na watu huisifu kwamba hawajihisi wamefunikwa na blanketi. Inasaidia zaidi kuzuia sonona isirudi kuliko kuzima mania, kwa hiyo aliyepandwa leo haitamtuliza.

Hatari yake ni moja na ni ya ngozi: ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambapo ngozi na midomo hubabuka kama iliyoungua. Katika majaribio ya kifafa, vipele vikali vilitokea kwa watoto wapatao 8 kati ya 1,000, na kwa watu wazima 3 kati ya 1,000. Hapo tofauti ya umri inaonekana wazi. Kinga ni kupanda polepole: miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, kisha 50 kwa wiki 2, na kuendelea. Anayetumia pia valproeti huanza na 25 siku moja ndiyo moja hapana, kwa sababu valproeti huongeza maradufu kiasi cha lamotrijini mwilini. Ukikosa dozi kwa siku 5 au zaidi usirudi palepale ulipoachia; mpigie daktari, huenda ukaanza upya. Kipele chochote ndani ya wiki 8 za mwanzo, simamisha na uonwe siku hiyo. Vidonge vya majira vyenye estrojeni huishusha karibu nusu.

Inadai subira badala ya maabara. Inamfaa mtu mzima ambaye maisha yake yameliwa na sonona kuliko mania, na mwanamke anayefikiria kuzaa. Kwa mtoto, liwe chaguo la mtaalamu tu.

Olanzapini, risperidoni, kwetiapini, aripiprazoli

Hizi hufanya kazi upesi, ndani ya siku chache, na ndiyo sababu hupewa kwanza mania inapowaka. Maudhi hutofautiana. Olanzapini huleta njaa na uzito kuliko wenzake; kwetiapini huleta usingizi na kizunguzungu ukisimama ghafla; aripiprazoli hainenepeshi sana lakini huweza kuleta wasiwasi wa miguu, mtu hawezi kukaa kwenye kiti; risperidoni hupandisha homoni ya maziwa, hedhi ikakatika, au mvulana akaota matiti na kuona haya kuvua shati mtoni.

Hatari ya muda mrefu ni kisukari, mafuta kwenye damu na presha. Inadai mizani na futi ya kiuno, kipimo cha sukari na mafuta kabla ya kuanza, baada ya miezi 3, kisha kila mwaka.

Kwa mtoto mambo ni mazito zaidi, maana watoto hunenepa upesi kuliko watu wazima. Hata hivyo ufanisi upo. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, watoto 279 wa miaka 6 hadi 15 walifuatiliwa kwa wiki 8. Walioitikia risperidoni walikuwa asilimia 68.5, lithiamu 35.6, na valproeti 24. Uzito nao: risperidoni kilo 3.3, lithiamu 1.4, valproeti 1.7. Tarakimu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja, na mzazi inambidi ashike yote mawili.

Haloperidoli na Largactil (klopromazini), ndugu zao wa zamani, bado ndizo zinazopatikana sehemu nyingi. Kwa vijana, hasa wa kiume, haloperidoli inaweza kukaza shingo ikageuka upande, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka, ndani ya siku chache tu. Nimeshuhudia familia ikimbeba kijana wao kwa mganga kwa kudhani pepo limemkaba. Kumbe ni madhara ya dawa, na sindano ya hospitali au kidonge cha Artane huifungua shingo hiyo ndani ya muda mfupi. Waliozitumia kwa miaka waangaliwe midomo na ulimi: kutafunatafuna kusikokoma huweza kubaki hata dawa ikiachwa.

Kwa hali yako

Mtoto wa miaka 10 hadi 17 mwenye mania kali: mara nyingi mazungumzo huanzia risperidoni, aripiprazoli au kwetiapini, na lithiamu kama maabara ipo. Nunueni mizani siku ileile ya kuanza dawa. Kwa msichana, valproeti iwe mlango wa mwisho kabisa.

Kijana ana sonona na duka linataka kumpa dawa ya sonona peke yake: simameni kwanza. Kwa mwenye bipola inaweza kumpandisha mania, na kwa walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua hufuatiliwa kwa karibu wiki za mwanzo.

Mwanamke anayepanga mimba: lamotrijini, au moja ya kundi la kwetiapini, au lithiamu kwa uangalizi. Panga kabla, usisubiri kipimo cha mkojo.

Mvuvi, dereva wa bodaboda, mwashi: jasho la mchana kutwa huifanya lithiamu iwe na masharti, na usingizi wa kwetiapini ni hatari barabarani. Mweleze daktari kazi yako kabla ya kumweleza dalili.

Anayeishi na VVU: Tegretol ikwepwe ikiwezekana. Mzee mwenye presha na figo: lithiamu ifikiriwe mara mbili, na dozi za dawa yoyote zianze chini.

Aliye mbali na hospitali kubwa za afya ya akili kama Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu: chagueni dawa ambayo kipimo chake na kidonge chake vinapatikana wilayani kwenu mwaka mzima. Dawa nzuri inayokatika kila baada ya miezi miwili humrudisha mgonjwa wodini.

Na aliyeanza kuitema kimya kimya: mwambie daktari hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Mdogo wangu alipoulizwa hatimaye, alisema sentensi moja, "Nanenepa, naona haya." Daktari akamhamishia lithiamu taratibu kwa wiki kadhaa, olanzapini ikashuka hadi ikaisha. Sasa mikono inamtetemeka kidogo akimimina chai, na anasema hilo analiweza. Mizani ipo nyuma ya mlango wa sebuleni. Kila Jumamosi tunapanda sote wawili, na kilo tunaziandika kwenye daftari lake la kliniki.